Umbo la -ra la Kihispania likikugomea: dalili, chanzo na tiba

Mwongoza watalii mmoja ninayemfundisha hapa Arusha alikuwa mezani na wageni wake kutoka Hispania, akiwasimulia mambo ya asubuhi porini: *El elefante cruzó el camino antes de que no llegáramos.* Wageni wakatazamana. Mmoja akamuuliza: kwa hiyo tulifika au hatukufika? Kijana alikuwa amekinyambulisha kitenzi sawasawa, mkazo kauweka panapotakiwa, na bado sentensi ikamwangusha. Kilichomtega ni Kiswahili. Kichwani alisema “tembo alivuka njia kabla hatujafika”, na ile “hatu-” akaibeba mpaka Kihispania.

Vitabu vingi vya Kihispania tunavyovipata vimeandikwa kwa ajili ya wanaozungumza Kiingereza, kwa hiyo vinatibu magonjwa yao. Sisi tuna yetu. Humu nimepanga yale ninayokutana nayo darasani kila muhula kuhusu *imperfecto de subjuntivo*, yaani dhamira tegemezi (kwetu ni ile -e ya “asome”) ya wakati uliopita, ambayo wanafunzi wangu huiita tu “umbo la -ra”. Tafuta dalili yako, ruka zisizokuhusu.

Kwanza, hakikisha mashine yenyewe inafanya kazi

Chukua kitenzi katika *pretérito*, nafsi ya tatu wingi, yaani “wao walifanya”. Kata -ron. Bandika -ra, -ras, -ra, -ramos, -rais, -ran.

hablaron: hablara, hablaras, hablara, habláramos, hablarais, hablaran
comieron: comiera, comieras, comiera, comiéramos, comierais, comieran
vivieron: viviera, vivieras, viviera, viviéramos, vivierais, vivieran

Vitenzi vya -er na vya -ir vinakwenda pamoja, hakuna safu ya tatu ya kukariri. Umbo la *vosotros*, yaani “ninyi” (-rais), linatumika Hispania. Kama wateja wako wanatoka Meksiko au Kolombia, wao husema *ustedes* na kitenzi kinaishia -ran.

Dalili: umeandika “busquera”, “vuelviera” au “pediera”, na umesahihishwa

Haya yanaonekana makosa matatu, lakini chanzo ni kimoja: mzizi umeuchukua mahali pasipo pake. Aliyeandika *busquera* ameanzia *busqué* (nilitafuta), ambako c iligeuka qu kwa sababu ya e inayofuata. Aliyeandika *vuelviera* ameanzia *vuelvo* (narudi). Aliyeandika *pediera* ameanzia *pedir* moja kwa moja, bila kupitia wakati uliopita.

Tiba ni kujiuliza swali lilelile kila mara: jana wao walifanyaje? *Buscaron*, kwa hiyo *buscara*. *Volvieron*, kwa hiyo *volviera*. *Pidieron*, kwa hiyo *pidiera*. *Pensaron* inatoa *pensara*, hakuna *piensara*. *Durmieron* inatoa *durmiera*. *Leyeron* inatoa *leyera*. Na kwa kuwa kanuni hii haina kitenzi hata kimoja kinachoivunja, ukiijua -ron unavipata hata vile vikorofi bure: *tuvieron, tuviera, dijeron, dijera, fueron, fuera*. Sijui kanuni nyingine ya vitenzi vya Kihispania iliyo nyofu hivyo.

Sasa kama unaandika *habliera* au *comara*, usihangaike na umbo la -ra hata kidogo. Ugonjwa uko kwenye pretérito. Rudi ukaitibu huko kwanza, wiki moja tu, halafu urudi hapa.

Dalili: umesema “atafika”, wao wamesikia kitu kingine

*Mañana el chófer llegara a las seis.* Mwanafunzi alikusudia “kesho dereva atafika saa kumi na mbili”. Alichotakiwa kusema ni *llegará*, mkazo ukiwa mwishoni. Alichosema ni umbo la -ra, likielea bila chochote cha kuliegemeza.

Chanzo ni mdomo wetu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na tumefanya hivyo tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Kwa hiyo *hablara* (ha-BLA-ra) tunaitamka vizuri bila kufundishwa, na *hablará* (ha-bla-RA) tunaivuta irudi kulekule. Ndivyo ilivyo pia kwa *hablaras* na *hablarás*, *hablaran* na *hablarán*. Mswahili anayekosea hapa mara nyingi hajakosea umbo la -ra. Ameharibu wakati ujao, ukageuka umbo la -ra.

Kwa “sisi” mambo yanageuka. *Habláramos* ina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho: ha-BLA-ra-mos. Sisi tunasema ha-bla-RA-mos, na Mhispania anabaki akijiuliza kama tulikusudia *hablaremos*. Tiba niliyoiona ikifaa ni kumkumbusha mtu neno “lazima”. Wengi wetu hutamka LA-zima, mkazo mwanzoni, urithi wa Kiarabu. Mdomo unaoweza LA-zima unaweza BLA-ramos. Gonga meza kwa kidole kwenye silabi yenye mkazo: *comiéramos, viviéramos, trabajáramos*. Gonga mpaka jirani alalamike.

Katika maandishi, alama ya mkazo kwenye umbo la “sisi” si pambo. *Hablaramos* bila alama ni kosa la tahajia. Kwenye simu, bonyeza herufi a bila kuachia, á itajitokeza.

Dalili: wanakuuliza “nani?”

*Quería que trabajara.* Nilitaka nani afanye kazi? Hawezi kuwa mimi mwenyewe (tazama “umejitaka mwenyewe” huko chini), lakini bado anaweza kuwa yeye wa kiume, yeye wa kike, au *usted* unayezungumza naye. Kwetu viambishi ni- na a- havichanganyiki kamwe, ndiyo maana hatuna mazoea ya kutilia shaka jambo hili. Kwenye umbo la -ra nafsi ya kwanza na ya tatu umoja zinafanana. Ukiona kuna utata, tia kiwakilishi: *que ella trabajara, que usted trabajara.* Darasani tunafundishwa kuviacha viwakilishi, hapa virudishe.

Dalili: “Si trabajaría…” na mwalimu anashika kichwa

Hapa ndipo penye wagonjwa wengi, na napenda tukae kidogo.

Tazama Kiswahili: *Ungefanya kazi Jumapili, ungelipwa mara mbili.* -nge- huku, -nge- kule. Pande zote mbili za sharti zinavaa sare moja. Kihispania kinazivalisha nguo tofauti: *Si trabajaras el domingo, cobrarías el doble.* Upande wenye *si*, yaani “kama” yao, unachukua -ra. Upande wa matokeo unachukua -ría. Akili ya Mswahili inatafuta sare, kwa hiyo inatoa *si trabajarías, cobrarías*. Mwanafunzi hajasahau kanuni. Anafuata kanuni, ila ya lugha nyingine.

Dawa ya kukariri: -ra inashikana mkono na *si*. Sentensi ukiigeuza, -ra inamfuata *si* popote anapokwenda: *Cobrarías el doble si trabajaras el domingo.*

Habari njema ni kwamba Kiswahili hichohicho kilichokutega kina kipimo ambacho wanafunzi wa lugha nyingine wangekilipia. Kabla ya kufungua mdomo, isikilize sentensi yako kwa Kiswahili: kitenzi cha sharti kina -ki- au -nge-?

Ukisikia -ki-, usiiguse -ra. *Ukifanya kazi Jumapili, utalipwa mara mbili: Si trabajas el domingo, cobrarás el doble.* Hata kwa zamani, -ki- ya mazoea inabaki nje ya dhamira tegemezi: *Mvua ikinyesha tulikuwa tunacheza ndani: Si llovía, jugábamos dentro.* Wapo wanaoipenda -ra kiasi kwamba wanaandika *si lloviera* hapo. Hapana, mvua ilikuwa inanyesha kweli, na sisi tulikuwa ndani kweli.

Ukisikia -nge-, na kabla yake pana “kama” au pangeweza kuwa na “kama”, ndipo -ra inapoingia. Na kwa Kihispania sanifu, baada ya *si* ya sharti hakuna *si trabaje* wala *si coma*. Dhamira tegemezi ya wakati uliopo haikai hapo hata ukiibembeleza.

Jiandae kwa jambo moja. Ukikutana na mgeni kutoka Burgos, Nchi ya Basque au maeneo jirani ya kaskazini mwa Hispania, unaweza kumsikia akisema *si viviría aquí…* kwa starehe zake. Huko ni mazoea ya mazungumzo, na Wahispania wengine huwatania kwa hilo. Usimsahihishe, maana ni lugha yake. Ila kwenye mtihani usimtaje kama shahidi.

Dalili: sharti la jana limesikika kama la kesho

*Jana ungenipigia, ningekusubiri.* Hivi ndivyo wengi tunavyosema siku hizi. -Ngali- imebaki kwa wazee, kwa waandishi na kwenye karatasi za mtihani. Matokeo yake mwanafunzi anaandika *Si ayer me llamaras, te esperaría*, na Mhispania haelewi jana inatafuta nini pale.

Rudisha -ngali- kichwani, angalau kwa dakika moja. Kama babu yako angesema “ungalinipigia, ningalikusubiri”, basi Kihispania kinataka umbo la mchanganyiko: *Si ayer me hubieras llamado, te habría esperado.* Upande wa matokeo unaruhusiwa pia kusema *te hubiera esperado*, na hapo Mswahili anapata sare yake anayoipenda, *hubiera* huku na *hubiera* kule, bila kosa.

Dalili: “Quería que estudie”

Kiswahili: *Nataka asome. Nilitaka asome. Ningependa asome.* “Asome” haibadiliki. Dhamira tegemezi yetu, ile -e ya mwisho, haibebi wakati. Kitenzi cha mbele ndicho kinachoubeba kwa niaba ya wote wawili. Kihispania kinataka wote wabebe:

Quiero que estudie.
Quería que estudiara.
Me gustaría que estudiara.

Mstari wa tatu ndio unaowaangusha hata wenye uzoefu, maana *me gustaría* si wakati uliopita. Lakini kwa sarufi yao, -ría ya mbele inavuta -ra ya nyuma. Kwa hiyo unapoona kitenzi cha mbele kina -ba, -ía, -ó au -ría, fikiria -ra. *Nos pidieron que esperáramos. Le prohibieron que fumara. Era necesario que pagáramos en efectivo.*

Katika Peru, Bolivia na Ekuador utasikia *quería que estudie* mitaani, na hakuna anayeshtuka. Mimi bado nafundisha *estudiara*, kwa sababu hiyo inakubalika kila mahali, Peru ikiwemo.

Tofauti moja ya kufurahisha, kwa sababu hapa Kiswahili kinasaidia badala ya kutega: *Nilimwambia kwamba anakula sana* ni taarifa, *Nilimwambia ale* ni amri. Kihispania kinapasua palepale: *Le dije que comía mucho*, na *Le dije que comiera*. Ukisikia -e kwa Kiswahili baada ya “nilimwambia”, weka -ra. Sijawahi kuona kipimo hiki kikikosea.

Dalili: umejitaka mwenyewe

*Nilitaka ninunue tiketi* ni Kiswahili kizuri. *Quería que yo comprara un billete* ni Kihispania cha mtu aliyegawanyika, mmoja anataka na mwingine ananunua. Mtendaji akiwa yuleyule pande zote mbili, kitenzi cha pili kinabaki kama kilivyo kwenye kamusi: *Quería comprar un billete.* Umbo la -ra baada ya *querer que* linahitaji watu wawili.

Dalili: “antes de que no”

Ndiyo ya tembo. Kiswahili husema *kabla hajafika, kabla hatujala*, kitenzi kikiwa katika ukanushi kwa sababu wakati ule jambo lilikuwa bado. Kihispania hakioni ukanushi wowote: *antes de que llegara, antes de que comiéramos.* Futa *no*. Ni hivyo tu, lakini itakubidi uifute mara mia mbili kabla mkono haujazoea. (Umeona? Kabla *hau*jazoea.)

Dalili: “Dijo que me llamaría cuando llegaría”

*Alisema atanipigia atakapofika.* “Atakapofika” ina -ta-, basi mwanafunzi anatafuta kitu cha ujao, anaokota *llegará* au *llegaría*. Baada ya *cuando*, jambo ambalo wakati ule lilikuwa bado mbele linachukua dhamira tegemezi, na kwa kuwa kitenzi cha mbele ni *dijo*, ni -ra: *Dijo que me llamaría cuando llegara.* Kama jambo lilishatokea, “alipofika alinipigia”, hakuna -ra: *Cuando llegó, me llamó.* Yaani -takapo- na -lipo- zinakuonyesha njia mbili, ila -takapo- inakudanganya kuhusu umbo.

Mtego wa namna hiyo uko pia kwenye dhana. *Nilidhani wangeshinda* na *sikudhani wangeshinda* zote zina -nge-, lakini Kihispania husema *Creía que ganarían* na *No creía que ganaran*. Ukanushi wa kudhani ndio unaoita -ra.

Dalili: hujui kama ojalá inataka -e au -ra

*Ojalá* ni ndugu yetu wa damu. Ilitoka kwenye Kiarabu cha Al-Andalus (Hispania ya enzi za utawala wa Waislamu), *law šá lláh*, “Mungu akipenda”, na hiyo *law* ya mwanzo ndiyo “lau” yetu, ile ya “lau kama ningejua”. Leo Mhispania anaitamka bila kufikiria dini.

Inakubali zote mbili, kwa maana tofauti. *Ojalá llegue mañana*: inshallah atafika kesho, huenda akafika. *Ojalá llegara mañana*: laiti angefika kesho, na msemaji hana tumaini kubwa. Pima kwa neno la Kiswahili linalokuja lenyewe. Likija “inshallah”, tumia wakati uliopo. Likija “laiti”, tumia -ra.

*Como si* haina hiari hiyo. “Kana kwamba” ya Kihispania, kwa mambo ya wakati uleule, huchukua -ra hata sentensi ikiwa ya leo: *Camina como si le doliera el pie*, anatembea kana kwamba mguu unamuuma.

Dalili: umekutana na -se, ukadhani ni kitenzi cha kujirejea

*Hablase, comiese, viviésemos.* Huyu ni pacha wa umbo la -ra, anatengenezwa vilevile kwa kukata -ron. Amerika ya Kilatini wanamtumia kwa nadra kwenye mazungumzo. Hispania bado yumo, hasa kwenye maandishi. Maana ni ileile. Mfahamu unaposoma, na ukiongea baki na -ra, utaeleweka kila mahali. Kosa la kuangalia ni kuchanganya *comprase* na *comprarse*: r moja inamtenga “angenunua” na “kujinunulia”. Tena kwenye lugha ya adabu pacha huyu hakaribishwi. *Debieras descansar* (ungepumzika kidogo, ndugu) haigeuki kuwa *debieses*.

Dalili: kuna -ra gazetini na hakuna sharti wala matakwa

*El discurso que pronunciara en 1960.* Umetafuta *si*, umetafuta *quería*, hakuna kitu. Hujakosea. Umbo la -ra linatokana na *amaveram* ya Kilatini, “nilikuwa nimependa”, wakati -se ilitoka kwenye *amavissem*, ambayo tangu mwanzo ilikuwa dhamira tegemezi. Baadhi ya waandishi bado wanaiamsha maana ile ya kale wakitaka sentensi ivae koti: “hotuba aliyoitoa mwaka 1960”. Isome kama wakati uliopita wa kawaida. Kuiandika, nakushauri uache.

Jaribio la kumalizia

Mwanafunzi mwingine alinitumia ujumbe huu wiki iliyopita, na kwa ruhusa yake nauweka hapa: *Si yo viviría en Sevilla, comería pescado todos los días. Mi jefe quería que yo trabaje el domingo, pero salí antes de que no me llamara.*

Nilimjibu “matatu” bila kueleza. Baada ya dakika kumi akarudisha: *Si viviera en Sevilla, comería pescado todos los días. Mi jefe quería que trabajara el domingo, pero salí antes de que me llamara.*

Halafu akauliza swali zuri kuliko sahihisho lenyewe. Bosi alimpigia kweli, akiwa tayari kwenye daladala. Sasa kwa nini si *antes de que me llamó*? Kwa sababu *antes de que* haijali kama jambo lilikuja kutokea au la. Alipotoka, simu ilikuwa haijalia. *Llamara.*